Nyumba za Viazi za Molo na Gilgil

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika jembe wala sururu. Nilipewa udongo. Fundi Mkuu alichota konzi moja kutoka ubavuni mwa kilima, akaitia kiganjani mwangu, akaniambia niifinye kwa nguvu kisha nifungue mkono. Udongo ulibaki umeshikana, na alama za vidole vyangu juu yake.

"Sasa uguse kidogo."

Nikaugusa kwa kidole, ukapasuka vipande vitatu.

"Huu tutaelewana nao," akasema. "Ungekataa kupasuka, ujue umebeba maji. Ungemwagika kama unga, ungetuzika sisi wawili. Jina lako nani?"

"Zablon."

"Umetoka wapi, Zablon?"

"Maragoli. Nimekuja juzi na mke wangu."

"Basi anza hapa, ushuke mpaka miguu yako isikie baridi. Ukisikia baridi, niite."

Hiyo ilikuwa Molo, miaka ya hamsini mwanzoni, kwenye shamba kubwa la viazi la Mzungu mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Rasoa, mke wangu, alipata kazi ya kuchagua mbegu, nami nikawekwa chini ya yule Fundi Mkuu, Fundi Njuguna, kwa sababu alihitaji mtu mwenye mgongo. Nilidhani nitachimba mitaro. Sikujua kwamba nimeingia kazi ambayo ingenilisha maisha yangu yote.

Ninyi mnaosoma leo huenda hamjawahi kuona stoo ya chini, kwa hiyo acheni nieleze. Ni chumba kilichochimbwa ndani ya kilima, kirefu kama basi, chenye mlango mmoja wa mbao nene. Ndani mnakaa viazi, karoti, biti na tanipu, chochote kinachokua chini ya udongo na ambacho hakipendi mwanga. Kwetu Maragoli hatukuwa na kitu kama hicho. Nafaka tulizitia kwenye ghala la miguu, juu, mbali na panya. Viazi vitamu tuliviacha shambani, mama akavichimba siku ya kuvila. Ardhi yenyewe ndiyo iliyokuwa stoo. Lakini viazi vya Kizungu vikikomaa havisubiri. Ukiviacha, mvua inavioza, na ukivitoa juani vinageuka kijani na vinakuwa sumu.

Wazungu walikuja na ujuzi wa stoo hizo kutoka nchi zao. Kule, Fundi Njuguna aliniambia, walichimba ili viazi visigande kwa barafu. Walipofika hapa wakachimba vilevile, milango ikitazama jua, na viazi vikachipua mwezi wa kwanza. "Wao walikuwa wakikimbia baridi," alisema. "Sisi hapa tunakimbia joto. Shimo ni lilelile, lakini lazima ligeuke litazame upande mwingine." Yeye alikuwa amejifunza uashi kwa mfungwa mmoja wa vita, Mwitaliano, na hayo mengine aliyapata kwa kukosea na kurudia. Nilipomkuta, mameneja wa mashamba ya jirani walikuwa wakimwomba kwa bwana wetu kama watu wanavyoombana dume la ng'ombe.

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza tulichagua ubavu wa kilima usiopigwa na jua la alasiri. Tulichimba mpaka futi nane au tisa, tukaacha kuta zilale kidogo nyuma, maana ukuta uliosimama wima hutafuta siku ya kuanguka. Sakafuni tulimwaga kokoto, na chini yake mfereji wa kutoa maji. Paa lilibebwa na magogo ya mtarakwa, mti usioliwa na mchwa, yakapangwa karibu karibu, yakafunikwa kwa nyasi kavu, kisha udongo, kisha majani yaliyopandwa yakaota juu. Ukipita mbali ungedhani ni kilima tu chenye mlango. Viazi vyenyewe havikulala sakafuni. Tulivitengenezea chaga, vile vitanda vya mbao zilizoachana, ili hewa ipite chini yake.

Na hewa ndiyo ilikuwa roho ya kazi yote. Kila stoo ilikuwa na matundu mawili. Tundu la chini lilikuwa karibu na sakafu, la kuingiza hewa baridi. Tundu la juu lilikuwa bomba la mbao lililopenya paa, pana kama kifua cha mtu, la kutoa hewa ya joto. Jioni tuliyafungua yote mawili, asubuhi jua likichomoza tukayafunga nusu. Mtu asiyejua hudhani viazi ni kama mawe. Si kweli. Viazi ni vitu hai, vinavuta hewa kama wewe, na vikiwa magunia mia mahali palipozibwa vinaimaliza.

Kwa hiyo kulikuwa na sheria moja, na Fundi Njuguna hakuifanyia mzaha. Hakuna mtu kushuka bila taa ya mafuta. Unaishika mbele yako, chini, usawa wa goti. Moto ukisimama vizuri, ingia. Moto ukisinyaa, rudi nyuma bila kugeuka kuangalia kitu, acha mlango wazi, keti nje.

"Na kama nimesahau kitu ndani?" nilimuuliza siku moja.

"Utakuwa umesahau kitu. Watu watakuja kukitoa kesho. Wewe hawatakutoa kesho."

Nilifanya naye kazi karibu miaka miwili. Tulijenga stoo tano. Tulikuwa tukianza alfajiri ukungu ukiwa umelala bondeni, na saa nne mkewe, Wangari, alituletea uji na viazi vya kuchoma. Waru, ndivyo walivyoviita kwa Kikuyu chao. Tulikula tukiwa tumeketi kwenye ukingo wa shimo, miguu ikining'inia ndani, hatusemi. Sijui namna ya kuwaeleza ule ubaridi uliokuwa ukipanda kutoka chini na kushika nyayo, wakati mgongo unapigwa na jua. Mpaka leo nikiketi mahali pa joto, nyayo zangu huutafuta.

Nyuma ya nyumba yake Fundi Njuguna alikuwa amejichimbia stoo ndogo yake mwenyewe, ya kuingia mtu mmoja akiinama. Aliijenga Jumapili. Humo aliweka viazi vya watoto wake, na alisema ni bora kuliko zote za bwana, kwa kuwa hakuna mtu aliyemharakisha.

Kisha ile Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na Wakikuyu walioingia msituni, ikafika mpaka kwetu. Sitaeleza siasa, wengine wameeleza. Nitasema nilichokiona. Asubuhi moja tulikuwa juu ya paa la stoo ya sita, tunatandaza nyasi, malori mawili yakaingia uwanjani na askari. Meneja wetu, naye Mzungu, alisimama kwenye ngazi za ofisi na karatasi. Wakikuyu wote wa shamba lile, wazee, wanawake, watoto wachanga, waliamriwa kukusanyika na mizigo wanayoweza kubeba. Wanarudishwa kwao, walisema. Fundi Njuguna alikuwa amezaliwa palepale Molo.

Alishuka kutoka paani polepole, akajipangusa mikono kwa suruali. Hakuniaga. Alikwenda nyumbani akatoka na Wangari, watoto, blanketi na sufuria mbili. Wangari alimshika Rasoa mkono, akamwambia haraka jina la mahali pa kwao upande wa Murang'a, akalirudia mara mbili ili asisahau. Mimi nilisimama tu. Lori lilipoanza kunguruma, Fundi Njuguna akasimama katikati ya watu, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele.

"Zablon! Usiweke udongo juu kabla nyasi hazijakauka! Umesikia? Zisubiri zikauke!"

"Nimesikia, Fundi!"

Askari akamketisha. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwake kwa miaka mingi. Nilisubiri nyasi zikauke siku sita, ingawa meneja alinitukana kila siku.

Shamba lilibaki na ukimya. Nyumba zao ziliachwa wazi, kuku wakizurura. Baada ya wiki tatu chakula chetu kilipungua, Rasoa, mwanetu Ezra akiwa mgongoni, akaniambia, "Baba Ezra, kule nyuma kwa Fundi kuna viazi." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Vikioza vitamfaidi nani?" Nikaenda. Viazi vilikuwa vimelala kwenye chaga zake ndogo, vigumu, vikavu, kama vilivyotolewa jana. Nilijaza karai, nikaketi palepale chini nikalia kama mtoto. Kisha nikavipeleka, tukavila. Tulivila mpaka vikaisha.

Meneja alikuwa na hofu, na hofu yake ikafika kwenye stoo. Wenye mashamba walikuwa wameambiwa na serikali wafunge vyakula vyote ili watu wa msitu wasipate. Akanikuta nikisafisha bomba la juu, akalipima kwa fimbo yake.

"Hii tundu mtu naweza ingia," alisema kwa Kiswahili chake. "Funga. Na ile ya chini funga. Yote. Mawe na matope."

"Bwana, viazi vitakosa hewa."

"Viazi hapana iko mdomo. Wewe funga."

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Nilikuwa ninajua. Nilifundishwa na mtu aliyejua kuliko sote. Lakini mwalimu wangu alikuwa amechukuliwa kwa lori nikitazama, na mimi nilikuwa mgeni mwenye mke na mtoto, na sikutaka kuwa wa pili kupakiwa. Nikachanganya matope. Nikaziba matundu ya stoo zote sita kwa mikono hii. Niliziba vizuri hata hewa ya kuwasha kiberiti isipite, maana sikujua kufanya kazi vibaya.

Kulikuwa na karani mpya wa stoo, Karani Obadia, mtu mpole kutoka Kisumu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Ufunguo ulikaa kwake na kwa meneja tu. Nilimweleza sheria ya taa. Akacheka kwa wema, akanionyesha tochi yake mpya inayong'aa. "Fundi, mambo ya taa ya mafuta yamepitwa. Hii ina mwanga mara kumi."

Nikajaribu kumwambia kwamba taa si ya kuona. Hakunielewa, au mimi sikuyapata maneno. Tochi huwaka hata mahali ambapo mtu hawezi kuishi.

Wiki ya nne tangu kuziba matundu, jua likiwa kali, alikwenda kuhesabu mbegu za kupanda kwenye stoo ya sita. Rasoa na wanawake wenzake walikuwa wakisubiri nje na magunia. Walisubiri. Kisha nikamsikia Rasoa akiniita kwa jina langu kamili, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Nilikimbia kutoka karakana ya seremala wa shamba. Mlangoni niliona mwanga wa tochi ukiwa umelala sakafuni, umetulia, unaangaza ukuta. Karani hakuonekana.

"Nimemwita, haitikii," Rasoa alisema. "Nataka kuingia."

"Usiingie! Pungeni magunia! Pungeni hewa iingie!"

Wakapunga. Mimi nilifunga kamba kiunoni, nikampa Rasoa ncha, nikavuta pumzi, nikashuka. Nilimpata Karani kando ya chaga ya tatu, amelala kifudifudi. Nilimshika kwapani. Alikuwa mzito ajabu, na visigino vyake vilikwama kwenye kokoto. Kifua kikaanza kunichoma, na ninakiri kwamba nilimwachilia mara moja. Halafu kamba ikanivuta, wanawake wanne wakiwa upande wa pili, nikamshika tena, tukatoka wote wawili kama gogo.

Alikuwa wa kijivu. Tulimlaza kivulini, tukamfungua shati, Rasoa akimpiga mgongoni na kumwita jina. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Kisha akakohoa, akatapika, akafungua macho, akauliza kama amepoteza kalamu zake.

Sikungoja amri. Nilichukua mtaimbo nikapanda juu ya paa, nikavunja matope ya bomba la juu, kisha ya tundu la chini, kisha nikaenda stoo ya tano, ya nne, mpaka zote sita. Meneja alinikuta nikimaliza.

"Nani nasema wewe fungua?"

"Karani amekaribia kufa, bwana. Mimi ndiye niliyeziba na mimi ndiye ninayezibua."

Alinitazama, akamtazama Karani aliyekuwa bado ameketi kivulini na blanketi. Nilidhani ataita askari. Akasema, "Kesho wewe hapana iko hapa." Lakini hakuamuru matundu yazibwe tena. Karani aliniandikia barua ya kunisifu, kwa kalamu zile mbili, na Rasoa akafunga mizigo.

Barua hiyo ilinipeleka Gilgil, kwa Memsabu mmoja, mama wa Kizungu mjane, aliyelima karoti na kufuga ng'ombe. Huko nilikuwa Fundi Mkuu mimi mwenyewe, na siku ya kwanza nilichota udongo nikaufinya, ukamwagika kati ya vidole kama unga. Gilgil ni nchi ya majivu ya volkeno, mepesi na meupe. Ukuta nilioulaza nyuma uliporomoka mara mbili. Nilitamani sana kumuuliza mtu. Nilijikuta nikisimama kwenye shimo ninamuuliza kwa sauti, "Fundi, hapa ungefanyaje?" mpaka vibarua wakanitazama. Mwishowe niliinua kuta za mawe kwanza, kipande kwa kipande, kila mara nikichimba futi mbili tu. Ilichukua muda mara tatu. Memsabu alikuja kila asubuhi na kikombe chake cha chai, akatazama, akasema, "Pole pole, fundi. Mimi ngoja." Hakuna bosi aliyewahi kuniambia neno zuri kuliko hilo.

Miaka ikapita, vizuizi vya Hali ya Hatari vikaondolewa, watu wakaruhusiwa kutembea. Niliomba ruhusa, nikapanda gari moshi, nikateremka, nikatembea nikiuliza jina la mahali ambalo Rasoa alikuwa amelitunza kichwani muda wote huo. Nikafika kijiji chenye nyumba zilizobanana, safu kwa safu. Fundi Njuguna alikuwa ameketi mlangoni anachonga mpini. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijasema.

"Zablon. Nyasi zilikauka?"

"Nilisubiri siku sita."

"Vizuri."

Wangari alileta chai. Sikuweza kuinywa kabla ya kusema lililonipeleka. "Fundi, tulikula viazi vyako. Vile vya stoo ndogo. Tulivimaliza."

Akaacha kuchonga. "Vilikuwa vimechipua?"

"Hata kimoja."

"Hata kimoja," akamwambia Wangari, na akacheka mpaka akajifuta macho.

Nilimwomba twende naye Gilgil. Nilimweleza kuhusu ule udongo mweupe, nikijua atashindwa kujizuia. Alisikiliza yote, akauliza maswali mawili, mazuri. Kisha akanionyesha kwa mpini ukingoni mwa kijiji. Kulikuwa na handaki refu, limeanza kujaa magugu, limezunguka nyumba zote.

"Tulilichimba sisi, ili watutenge na watu wa msitu," alisema. "Wanawake pia. Kila siku, na bunduki imesimama nyuma yetu. Tangu siku lilipokwisha sijashika beleshi. Ninachonga mipini ya wengine. Siwezi tena kushuka chini ya ardhi."

Sikumsihi zaidi. Nililala kwao siku mbili, nikarudi peke yangu. Alifariki kabla mwanangu wa tatu hajazaliwa.

Baada ya uhuru mashamba yaligawanywa, nikawajengea wanachama wa ushirika Ol Kalou, kisha nikawa mtunza stoo wa shule moja Njoro mpaka nikastaafu. Sasa hakuna anayechimba. Viazi vinatoka shambani asubuhi, na saa sita viko kwenye lori la dalali, ama vinauzwa kando ya barabara kuu, vimepangwa kwenye ndoo juani, vimeanza kugeuka kijani. Nikipita huwa nataka kuvifunika. Watu husema wazee tunapenda zamani. Mimi siitamani zamani yote. Hiyo zamani ndiyo iliyompakia rafiki yangu kwenye lori. Ninachokitamani ni kuketi tena ukingoni mwa shimo na mtu anayejua kazi kuliko mimi, mdomo wake umejaa kiazi cha moto, na hakuna haja ya kuongea.

Mwaka jana alikuja nyumbani afisa wa kilimo, mama mmoja mwenye adabu, na daftari. Wakulima wake wanapoteza viazi, alisema, na amesikia kwamba mimi najua njia ya bei rahisi. Nilimweleza kwa siku mbili: udongo, mteremko, mtarakwa, kokoto, matundu mawili na upana wake. Aliandika kila kitu. Mwisho nikamuuliza ameandika nini kichwani mwa ukurasa, maana macho yangu hayashiki herufi.

"Nimeandika: maarifa ya asili ya wenyeji."

"Futa hapo, mama," nikamwambia. "Andika Njuguna. Fundi Njuguna wa Molo."

Akafuta, akaandika. Nikamwomba anisomee. Akasoma. Nikamwomba asome tena.